Kigingi Nyuma ya Migomba

Baraka, Jumapili tarehe 14 Januari 2024

Mdogo wangu Gentille,

Salamu kutoka nyumbani. Wifi yako Constance hajambo, kile kifua kilichomsumbua mwezi wa Desemba kimetulia. Watoto wamerudi masomoni. Mama yuko mzima. Mguu wa kushoto unamvuta asubuhi, ikifika mchana unamwachia. Mihogo yake ya nyuma ya nyumba imeozea ardhini kwa ajili ya unyevu, lakini migomba imesimama. Mimi niko. Kazi ya redio ni ileile na jenereta ni lilelile.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwa simu sisi wawili hatumalizi dakika mbili bila mmoja kukata. Eddy dereva amekubali kubeba barua. Anasema Lulimba ni karibu. Aliposema hivyo mwaka jana alilala njiani siku nne.

Jambo lenyewe ni ziwa. Limepanda. Watu wanasema maji yako karibu, wakishasema hivyo wanaendelea na shughuli zao. Neno hilo nimelikataza studio tangu nianze kuwafundisha vijana. Muuguzi anasema mgonjwa yuko karibu kupona, askari anasema njia iko karibu kufunguliwa, na msikilizaji anabaki mikono mitupu. Taja siku, taja kilomita, taja hatua. Kwa hiyo Jumamosi tarehe 6 nilipiga kigingi ufukweni, chini ya migomba ya mama. Kutoka ukuta wa jiko lake hadi kigingi ni hatua sitini. Hizo nilizipima mara moja, maana kigingi hakina miguu. Kutoka kigingi hadi maji zilikuwa ishirini. Hizo nitazipima kila Jumamosi kwa kamba yenye mafundo, nisome jumla redioni saa sita mchana ili majirani wajue. Jana jumla ilikuwa sabini na tisa.

Ni nyingi kwa mtu asiyekumbuka. Mafuriko yaliyopita yalikula hatua hamsini kwa mwezi mmoja wa mvua.

Nimemwambia mama ahamie kwangu, huku juu ya barabara. Chumba kipo, nimekipaka chokaa. Hataki, wala hasemi kwa nini. Wewe anakusikia. Mwandikie mistari miwili tu, ahame kabla ya mvua za Aprili.

Kaka yako,
Patrice

*

Lulimba, tarehe 9 Februari 2024

Yaya Patrice,

Nakusalimu wewe, kaka yangu, na Constance. Nimeshukuru kusikia kifua kimetulia. Mwambie asiache majani ya mpera, hata akipewa vidonge.

Barua yako imefika leo asubuhi, pembe moja ikiwa imelowa mazuti ya gari. Eddy alisubiri siku tisa watu watengeneze daraja la mbao, halafu vizuizi vitatu, kila kimoja na wenye nacho. Wakati huu hakusema karibu.

Restora inaendelea. Wachimbaji wakipata dhahabu wanakula nyama, wakikosa wanakula sombe ya majani ya mihogo, wakikosa kabisa wanakuja kunisalimu. Nililala na malaria wiki moja, nimeamka, lakini magoti hayajaamka. Binti wangu Nadège anakusalimu. Amemaliza kujifunza kushona, ameweka cherehani mbele ya mlango wangu na tayari ana watu wa kumlaumu kwamba amechelewa.

Kuhusu mama. Mama ni mtu mzima na ziwa hilo alilijua kabla wewe hujajua kamba. Umeniomba niandike ahame, na mahali pa kuhamia umeshapataja: kwako. Basi sina mistari miwili. Sina hata mmoja. Mama anajua sababu. Wewe pia, ukitafuta kwa utaratibu wako huo, utaipata.

Nimempa Eddy kikwembe cha mama. Mwambie ni cha kufunga kiunoni, asikiweke sandukuni kusubiri kilio cha mtu.

Ni mimi,
Gentille

*

Baraka, Jumanne tarehe 27 Februari 2024

Mdogo wangu,

Tumepata barua na kikwembe. Mama amekiweka sandukuni. Constance anashukuru kwa ushauri wa majani. Pole na malaria. Hapa umeme wa jua wa redio ulikatika siku sita, tukatumia jenereta, na sasa mafuta ya jenereta yamepungua, kwa hiyo habari za saa nne tumeziacha.

Nakupa hesabu. Jumamosi zote hizi: themanini kasoro moja mara tatu, themanini kasoro mbili mara mbili. Jumamosi iliyopita sabini na nane tena. Ziwa linakwenda polepole upande wetu. Ni ajabu kidogo, kwa sababu upande wa Mama Bushira, jirani yetu, mpera uliokuwa mkavu Krismasi sasa umesimama ndani ya maji. Nimefikiri ardhi ya kwake iko chini zaidi. Kamba haina sababu ya kunidanganya. Bushira mwenyewe alinisimamisha njiani akauliza kama aondoe chanja zake za kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nikamwambia kwa mwendo huu ana miezi mitatu, minne. Akanishukuru.

Mama nilimkuta nyuma ya jiko. Mchi wake ulikuwa na udongo kichwani. Nikamwambia ausafishe kabla hajatwangia sombe za watu. Akacheka.

"We Patrice," akaniambia, "uko unapima maji, ao uko unapima mi?"

Nikamwambia napima maji, ila yeye ndiye atakayelowa.

"Maji inapumua tu. Inakuja, inarudi. Mi niliolewa hapa."

"Mama, chumba kiko tayari."

"Nimekisikia chumba yako. Iko na dirisha mbili. Umeshanihesabia."

Hivyo ndivyo tunavyozungumza. Nina miaka hamsini na nane, nimekaa mbele ya wakuu wa jeshi na wakuu wa waasi, wote wakanijibu kitu. Mama hanijibu.

Na wewe pia. Unasema nitafute. Mimi nauliza kwa sababu mtu anayejua ndiye anayeulizwa. Kwa nini huji Baraka? Miaka sita inatimia Septemba. Kama ni njia, sema njia. Kama ni yule binti unayekaa naye, kwamba huwezi kumwacha peke yake, sema hivyo.

Kaka yako,
Patrice

*

Lulimba, tarehe 22 Machi 2024

Yaya Patrice,

Salamu. Sisi ni wazima, isipokuwa uchovu. Shimo moja la wachimbaji lilianguka mwanzo wa mwezi, watu watatu, wawili walikuwa wakila kwangu. Wiki nzima sikupika nyama. Namwombea Constance na nyumba yote.

Nimesoma hesabu zako mara mbili. Mimi sijui kamba, lakini mpera wa Bushira naujua. Tulikuwa tunakojoa chini yake tukiwa wadogo, sisi wote, na kutoka pale hadi jikoni kwa mama ardhi ni sawa kama meza. Uliandika ardhi ya kwake iko chini zaidi. Umeandika jambo usiloliona.

Kwa hiyo namtuma Nadège akakae na mama. Atakuja na Eddy anayekuletea barua hii. Yule binti ninayekaa naye ana miaka ishirini na moja na ana jina, nimekuandikia hapo juu na katika barua iliyopita. Unaweza kulitumia, halichakai. Mpe chai akifika. Asilale kwako. Atalala kwa mama.

Swali lako sijalisahau.

Gentille

*

Baraka, Jumapili tarehe 7 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Poleni na msiba wa shimo. Habari ilitufikia, lakini idadi iliyotufikia ilikuwa nyingine, kwa hiyo sikuisoma. Constance anakusalimu. Mvua hapa haikati tangu Pasaka.

Binti alifika Jumatano, mchana, amelowa. Alikunywa chai uani, akakataa kiti cha ndani, akaenda kwa mama. Nakueleza yaliyofuata kwa mpangilio wake.

Ijumaa saa kumi alasiri alikuwa anashona tundu la chandarua cha mama kwa mkono. Akamwona mama anachukua mchi na kupita kwenye migomba, akijisaidia kwa fimbo. Hakumfuata. Mama aliporudi, mchi ulikuwa na udongo. Akamuuliza: "Bibi, kuna kinu ufukweni?" Mama akamjibu kwamba anatwanga panya. Jumamosi asubuhi nilipofika na kamba yangu, binti alikuwa amesimama kando ya kigingi. Akanisubiri nipime. Nikapata kumi na nane. Nikaandika sabini na nane.

"Mujomba," akaniambia, "umepima upande moja. Pima na ule wa jikoni."

Nikamwambia ule nilishaupima Januari.

"Najua. Pima tena."

Kutoka kigingi hadi ukuta wa jiko ni hatua ishirini na nne. Zilikuwa sitini. Kila Ijumaa, tangu Januari, mama aling'oa kigingi akakisogeza nyuma kiasi kile maji yalichosogea, akakipiga kwa mchi. Mimi nikaja kila Jumamosi nikapima umbali aliouweka yeye. Migomba ilinizuia kuona jiko, lakini mpera wa Bushira niliuona, nikasingizia ardhi yake ili hesabu yangu iwe sahihi.

Kwa hiyo maji hayako hatua sabini na nane. Yako arobaini na mbili. Na hesabu ya uongo nimeisoma redioni Jumamosi kumi na mbili, kwa sauti yangu. Ya jana ilikuwa ya kumi na tatu. Nikasoma arobaini na mbili, na nikasoma masahihisho ya zile zote. Lakini Alhamisi maji yalikuwa yameshabeba chanja za Bushira na ndagala zote zilizokuwa juu. Alinikuta mlangoni mwa redio. Hakupandisha sauti.

"Mutangazaji, zile hatua ulipima na miguu ya nani? Ya kuku?"

Nikamwambia kosa ni langu.

"Mi nilianika kwa kusikia redio yako. Wengine bote walihama kwa kuangalia na macho. Bajinga, nikasema. Hawasikilize redio."

Watu waliokuwa pale walicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaenda.

Mama nilimuuliza. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Muti yako ya kupimia, ulisema haina miguu," akasema. "Sasa umeona."

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuwa nangojea."

"Unangojea nini? Maji yaingie chumbani?"

"Nangojea Gentille. Mi nikienda kwako, ataniona wapi? Kwako haingii, alishasema. Hapa anaweza kuja siku moja. Nikitoka hapa, mutoto wangu hana tena fasi ya kunikuta."

Nilimwambia kwamba sielewi kwa nini usiingie kwangu. Akarudi kwenye mchele wake. "Maji umeisahihisha," akasema. "Ni vizuri."

Basi nakuuliza kwa mara ya pili. Ulisema hivyo kweli? Lini, na kwa nini? Kila siku mvua inaponyesha usiku ninajua kuna hatua chache zaidi zimekwenda. Hahami bila wewe. Nadège amejaribu pia.

Patrice

*

Lulimba, tarehe 19 Aprili 2024

Yaya Patrice,

Nakusalimu. Constance nimemtumia asali kidogo ya huku kwa ajili ya kifua. Mimi ni mzima.

Umeandika jina la Nadège mara moja, mstari wa mwisho kabisa. Nimeuona.

Umeuliza lini na kwa nini. Nitakueleza kwa mpangilio, kama unavyopenda, halafu sitarudia.

Februari ya mwaka 2018 mlimleta baba kwangu Fizi kwa sababu ya hospitali. Nilikuwa na meza yangu sokoni, kutoka alfajiri hadi jioni, hamkuwa na namna na mimi sikuwa na namna. Nadège alikuwa na miaka kumi na mitano. Nilimchukua Lusenda miaka mitatu kabla ya hapo, mama yake alipofia kambini kwa wakimbizi wa Burundi, hilo unalijua, ulikuja ukamwona, ukauliza karatasi zake. Miezi saba alimwangalia baba. Alimnyoa. Alimgeuza upande. Alibeba ndoo. Alimtoa nje aote jua saa tatu na kumrudisha ndani saa tano. Baba alijifunza maneno manne ya Kirundi kwa kumchokoza tu, akamwita "muganga wangu". Wewe ulikuja mara tatu. Sikulaumu, njia ilikuwa mbaya. Nakupa hesabu.

Siku baba alipokufa ulifika na daftari kuandika tangazo la kifo. Ukaniuliza majina ya wajukuu. Nilikupa kumi. Nilisimama nyuma ya bega lako, nikaona kalamu ikiandika kumi.

Saa sita mchana tulikuwa wote uani Fizi, majirani, wanakwaya, redio juu ya kinu. Ukasoma kwamba mzee Jacques Asukulu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu tisa, ukawataja wote tisa, na shule wanazosoma. Watu walimtazama Nadège. Akasema: "Labda wameruka mustari. Saa moja watasoma tena."

Saa moja jioni alikaa na redio magotini. Ukasoma tisa. Akazima, akaenda kuosha kikombe cha baba.

Siku ya tatu ya kilio, kwako Baraka, mbele ya mama, nilisema mguu wangu hautapita tena mlango huo. Wewe ulikuwa nje ukipokea wakubwa. Kisha nikauza meza ya Fizi nikahamia mahali ambapo redio yako haifiki. Watu waliniuliza kwa nini Lulimba. Ndiyo sababu.

Najua utakavyojibu. Utasema hakuwa wa ukoo, hakuwa na karatasi, kwamba tangazo lina kanuni, wanatajwa watu wa karibu. Ulikuwa sahihi, yaya. Wewe ni sahihi daima, hata na kamba.

Sikuandikii ili uniombe radhi. Nimekuandikia ili usiseme hujui. Kuhusu mama, mwambie ninamwomba ahame. Hatakubali, lakini mwambie.

Gentille

*

Baraka, Jumatatu tarehe 6 Mei 2024

Mdogo wangu Gentille,

Sisi ni wazima. Asali imefika. Mama ni mzima.

Barua yako ilifika Alhamisi tarehe 2, saa nane mchana. Nilipoandika kwamba sielewi, nilielewa. Nilikuwa nataka uniambie wewe ili niwe na kitu cha kubishia. Sina.

Ulivyoeleza ndivyo ilivyokuwa. Uliniona nikiandika kumi. Jina la kumi nililikata nikiwa kwenye pikipiki, njiani kurudi Baraka, kabla ya Mutambala. Hakuna aliyeniagiza. Nilifikiri wasikilizaji watauliza huyo Mrundi ametoka wapi, nani alimweka kwenye ukoo, na nilikuwa nimechoka. Nilihesabu damu, na hesabu ya damu ilikuwa tisa. Saa moja jioni nilikuwa na karatasi ileile mbele yangu, na nilikuwa na saa saba za kuirekebisha.

Mama nilimpa ujumbe wako. Akasema: "Ameomba vizuri. Sihami."

Ijumaa nikaenda kwa mkurugenzi wetu wa redio. Ukutani mwake kuna kanuni za kazi. Ya nne niliiandika mimi mwenyewe: kosa lililotendwa hewani husahihishwa hewani, saa ileile, na aliyelitenda. Nikampa karatasi. Akasoma, akavua miwani.

"Patrice, ni miaka sita. Bantu batacheka."

Nikamwambia walishacheka mwezi uliopita kwa ajili ya maji, na redio bado iko.

"Na majina haya ya Kirundi, siku hizi..."

Nikamwonyesha ukuta. Akavaa miwani akatia sahihi. Nakuwekea nakala yenye muhuri, kwa sababu huko hukusikia. Inasema hivi:

"Masahihisho. Katika tangazo la kifo cha mzee Jacques Asukulu, lililosomwa hapa tarehe 11 Septemba 2018 saa sita mchana na saa moja jioni, ilisemwa kwamba marehemu ameacha wajukuu tisa. Aliacha wajukuu kumi. Jina lililoachwa ni Nadège Ndayikeza, binti wa Gentille Asukulu, ambaye alimuuguza marehemu miezi saba huko Fizi hadi siku ya mwisho. Jina lilipelekwa kwa msomaji likiwa kamili. Kosa ni la msomaji."

Nilisoma Jumamosi tarehe 4, saa sita. Baada yake nilisoma hatua za maji: tisa.

Nilipotoka studio nikaenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, redio pembeni, amefunga kile kikwembe ulichomtumia. Nadège alikuwa anakunja chandarua. Mama akasema: "Leta mukokoteni."

Nikamuuliza kama amebadili mawazo.

"Mi sibadilishe kitu. Mulango yako njo umefunguka. Sasa Gentille akitaka kukataa, atakataa mwenyewe. Mi sitakuwa sababu." Kisha akasema tuchukue kinu kwanza, maana kinu kikilowa kinapasuka.

Tulihamisha alasiri yote. Bushira alituma wapwa zake wawili. Akaja mwenyewe kubeba kuku, akamwambia mama kwamba anawabeba kwa sababu mimi nina haja ya miguu yao. Saa moja jioni niliwaacha nikaenda kusoma tangazo mara ya pili. Niliporudi nikamuuliza mama kama Nadège alisikiliza. Akasema hapana, alikuwa njiani na vyungu kichwani. Sijui niliweke wapi jambo hilo. Nakuandikia kama lilivyo.

Anapolala Nadège: chumba cha madirisha mawili, pamoja na mama. Alisimama mlangoni kwanza, akaniuliza: "Mujomba, mama alikubali niingie?" Nikamwambia sijui, ulisema asilale kwangu. Lakini godoro lilikuwa kichwani mwake na mvua ilikuwa imeanza, akaingia.

Leo asubuhi nimeenda na kamba. Ukuta wa jiko umeanguka kwa nje, maji yako ndani hadi mafiga. Kigingi sikukiona. Hakuna cha kupima tena upande ule. Shefu wa mtaa alipita kuandika watu waliopoteza nyumba. Akauliza mle ndani walikuwa wakiishi kina nani. Nikamwambia mjane Suzanne na mjukuu wake. Akaandika.

Sikuombi uje. Mama anakuomba, lakini amesema nisiandike.

Patrice

*

Lulimba, tarehe 21 Mei 2024

Yaya Patrice,

Nawasalimu wote hapo, mama, Constance, watoto, na Nadège. Mimi magoti yananisumbua tena. Mvua imepungua.

Karatasi nimeipata. Nimeisoma, nikampa Eddy naye asome, kwa sababu alikuwa anaichungulia tangu Fizi. Anasema Fizi wameisikia. Wanawake wa soko langu la zamani wanabishana kama wewe ni mzima.

Nilifikiri siku nikisoma kitu kama hicho nitalia au nitacheka. Nilikwenda kuosha sufuria. Miaka sita ni mizigo mingi, mtu akiitua hajui mikono aiweke wapi. Sijakusamehe kwa sherehe. Usimwambie mama kwamba nimekusamehe, atachinja kuku, na kuku wenyewe walishabebwa vya kutosha.

Nadège aliongea nami kwa simu ya Constance. Nikamuuliza kwa nini hakusikiliza saa moja. Akasema: "Mama, saa sita nilisikia vizuri."

Restora namwachia mwenzangu. Eddy anatoka hapa Jumanne ijayo. Akisema ukweli tutafika Alhamisi tarehe 30, asiposema ukweli mtatuona. Ninaleta unga na cherehani, imefungwa vizuri, kwa sababu Nadège amesema huko mashati yanashonwa vibaya.

Nitakaa barazani kwanza. Mama aje anione pale. Chakula kikiwa tayari ndani, tutaona. Kama nakumbuka vizuri, kutoka baraza lako hadi kwenye meza ni hatua tatu. Usinihesabie.

Gentille